Kutu Isiyo Kutu: Uhakiki wa Maelekezo ya Kutunza Midomo ya Ekzosi ya Titani

Karatasi ninayokusudia kuihakiki ina kurasa mbili tu. Hutiwa ndani ya boksi pamoja na bidhaa yenyewe, nayo ni kipande cha bomba kilichotengenezwa kwa titani, ambacho huvishwa mwishoni mwa ekzosi ya gari, pale moshi unapotokea. Maelekezo yalifasiriwa kutoka Kiingereza. Sitamtaja aliyeagiza bidhaa wala aliyefasiri, kwa kuwa nia yangu si kumwumbua mtu. Na tena baadhi ya makosa nitakayoyaonyesha nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe.

Karatasi ilinifikia kwa njia ya msiba mdogo. Mpwa wangu, ambaye ni dereva, alinunua kipande cha aina hiyo kwa akiba ya miezi kadhaa. Kilipotoka dukani kilikuwa na rangi ya buluu iliyofifia polepole kuwa zambarau, na pembeni mstari wa manjano ya dhahabu. Baada ya mwaka mmoja wa masizi na matope alikaa chini na karatasi ile, akaifuata neno kwa neno. Jioni alinijia na kitu cha kijivu, chenye mikwaruzo, mfano wa bati kuukuu. “Mjomba,” akaniambia, “nimefanya kama walivyoandika.” Nikaisoma karatasi nikaona kwamba kweli alifanya kama walivyoandika. Iliandikwa aondoe kutu yote kwa kusugua. Naye alisugua, kwa msasa, mpaka kile kilichoitwa kutu kikaisha. Na kile kilichoitwa kutu ndicho alichokinunua.

Tuanze na kichwa cha habari, ingawa kosa lake ni la kuchekesha kuliko la kudhuru. Kinasema “Usafi wa Vidokezo vya Kutolea Moshi”. Kiingereza kina neno moja lenye maana ya ncha ya kitu na pia maana ya dokezo, yaani shauri dogo analopewa mtu. Mfasiri, au pengine mashine ya kufasiri, alishika maana ya pili. Hivyo msomaji anaambiwa avioshe vidokezo kwa maji ya uvuguvugu. Kosa hili halihitaji maelezo marefu. Linalohitaji kufikiriwa ni neno gani lingefaa, kwani hata “ncha”, ambalo wengi wangelikimbilia, halinitoshelezi. Ncha katika Kiswahili ni mwisho wa kitu kilichojaa, na aghalabu kilichochongoka: ncha ya kisu, ncha ya sindano, ncha ya ulimi. Kitu tunachokizungumzia kina uwazi, nacho ni kipana kuliko bomba linalotangulia. Vitu vya namna hiyo Kiswahili kimekwisha kuvipa jina: chupa ina mdomo, birika lina mdomo, chungu kina mdomo. Kwa hiyo katika makala haya nitasema mdomo wa ekzosi. Najua kwamba baadhi ya ofisi hupendelea “bomba la kutolea moshi”, na katika sheria au kanuni si vibaya. Lakini bomba la moshi laweza pia kuwa la jiko au la kiwanda, ilhali ekzosi haina mashaka gereji yoyote. Neno lililokwisha kukaa mikononi mwa mafundi si la kulifukuza.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika aya ya kwanza karatasi inakiita kitu hiki “chuma cha titani”. Katika aya ya tatu kinageuka kuwa “madini ya titani”. Katika ukurasa wa pili ni “titaniamu” tu. Msomaji makini atadhani kuna vitu vitatu.

Titani si chuma. Ni elementi nyingine kabisa, iliyogunduliwa mwaka 1791 na William Gregor huko Cornwall, Uingereza, na kupewa jina mwaka 1795 na mkemia Mjerumani, Klaproth, aliyelichukua kutoka kwa majitu ya hadithi za Wayunani. Uzito wake ni kidogo zaidi ya nusu ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule: gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, ambapo chuma ni 7.9. Wepesi huo ndio uliowavutia watengenezaji wa magari. Chevrolet Corvette ya aina ya Z06, iliyotolewa Marekani mwaka 2001, ilikuja na ekzosi ya titani tangu kiwandani, na hilo lilikuwa jambo jipya kwa gari la kutengenezwa kwa wingi. Kabla ya hapo metali hii tuliisikia zaidi katika habari za ndege. Haishangazi basi kwamba mfasiri alipokutana nayo kwenye gari alishika neno la karibu.

Lakini “chuma” si neno la bure. Katika mazungumzo ya kila siku tumelizoea kwa maana mbili, elementi yenyewe na kila kitu kigumu kinacholia kikigongwa. Maana hii ya pili haina madhara sokoni. Katika maelekezo ya kazi ina madhara, kwa sababu chuma huja na jamaa zake. Ukimwambia Mswahili kwamba kitu ni chuma, umekwisha kumwambia kwamba kitashika kutu, kwamba kutu ni adui, na kwamba adui huyo huondolewa kwa msasa au brashi ya waya. Mfasiri wetu alipoandika “chuma” katika mstari wa pili, alikuwa amejifunga kuandika “kutu” katika mstari wa tisa. Kwa maana ya jumla tunalo neno “metali”, lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi, na hapa ndipo mahali pake. Ama “madini”, libaki kwa kile kinachochimbwa. Kwale, katika pwani ya Kenya, kulikuwa na mgodi uliochimba mchanga mweusi wenye titani tangu mwisho wa mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Mchanga ule ni madini ya titani. Mdomo wa ekzosi ni metali ya titani. Kati ya hivyo viwili kuna kazi kubwa ya viwanda na joto jingi, na lugha isiyovitenganisha itamtatiza mwalimu wa kemia siku atakapotaka kuieleza kazi hiyo.

Kuhusu tahajia sina ugomvi mkubwa. Napendelea “titani” kwa kufuata njia ya “alumini”, lakini “titaniamu” inaeleweka pia. Jambo la lazima ni kuchagua moja na kubaki nayo katika karatasi yote.

Je, kile kilichoitwa kutu ni nini? Titani ikiwa hewani hujifunika yenyewe, mara moja, kwa utando wa oksidi. Utando huo una unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa mtu una makumi ya maelfu ya nanomita), hauonekani, nao umeshikamana na metali barabara. Metali ikitiwa joto la mamia ya digrii, au ikitumbukizwa katika maji maalumu na kupitishiwa umeme, utando huongezeka unene hadi makumi ya nanomita. Ndipo rangi hujitokeza. Mwanga mweupe ukifika juu ya utando, sehemu yake hurudishwa na uso wa juu. Sehemu nyingine hupenya, ikafika kwenye metali iliyo chini, ikarudi. Miali hii miwili hukutana, na kwa kadiri ya unene wa utando baadhi ya rangi huongezeana nguvu na nyingine huuana. Jicho huona zilizosalia. Utando mwembamba hutoa manjano ya dhahabu. Ukizidi unene huja zambarau, kisha buluu. Ni jambo lile lile tunaloliona katika povu la sabuni, au petroli inapomwagika juu ya dimbwi la maji. Wahunzi nao wanalijua, maana kisu kikichomwa kwa kiasi hupata manjano kisha buluu kabla hakijawa chekundu.

Yuko atakayesema kwamba lugha hupanua maana za maneno yake, na kwamba watu husema kutu hata kwa shaba inayoota ukijani, basi kwa nini tusiiruhusu kwa titani? Hoja hii ina nguvu, nami nimeitafakari. Jibu langu nimelipata katika vitenzi. Kutu katika Kiswahili hula. Husema watu: panga limeliwa na kutu, mlango umeliwa na kutu. Hujitenga na chuma, hupukutika, na kuacha shimo ambamo kutu mpya huingia. Utando wa titani hauli. Unaifunika metali na kuzuia hewa na maji visiifikie, na ndiyo sababu titani hudumu hata katika maji ya bahari. Kuuita utando huu kutu ni kumpa mlinzi jina la mwizi. Napendekeza “utando” kwa kuwa neno hili tayari latumika kwa kitu chembamba kinachojifanya chenyewe juu ya kingine, mfano utando wa maziwa yaliyochemka. “Ganda” ni nene mno, na “tabaka” haisemi kwamba kitu kilitoka humo humo.

Neno “rangi” nalo lina mtego, na huu ni wa Kiswahili chenyewe, si wa mfasiri. Rangi ni ile inayoonwa na jicho, na pia ni ile iliyomo ndani ya kopo. Karatasi inaposema “linda rangi isitoke”, msomaji atafikiri kwamba kitu kilipakwa rangi na kwamba ikitoka aweza kununua nyingine akapaka. Mpwa wangu aliniuliza swali hilo hilo: rangi hii inauzwa wapi? Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya titani inayochimbwa duniani haiwi metali kamwe. Hugeuzwa kuwa unga mweupe wa oksidi ya titani, unaotiwa katika rangi za nyumba. Kwa hiyo ukuta mweupe wa ofisi na buluu ya mdomo wa ekzosi vyote viwili ni oksidi ya titani. Ukutani ni rangi ya kupaka. Kwenye ekzosi hakuna kilichopakwa. Ni mwanga na unene tu. Palipo na hatari ya kuchanganya, mfasiri aandike “rangi ya utando” na “rangi ya kupaka”, hata kama Kiingereza hakikumlazimisha.

Karatasi inakosea kwa upande mwingine pia inaposema kwamba bomba likibadilika rangi ni dalili ya “kuchakaa”. Bomba la titani lililo karibu na injini hubadilika rangi lenyewe kwa sababu ya joto, kwa njia niliyoieleza. Ni alama ya joto, si ya uchakavu.

Nafika kwenye vitenzi vya kazi, ambavyo ndivyo vilivyonisikitisha zaidi, kwa maana hapa hatukukosa maneno. Tulikuwa nayo hatukuyatumia. Nimehesabu “safisha” mara kumi na moja katika kurasa mbili. Inasimama mahali pa kuosha, pa kusuuza, pa kufuta, pa kupangusa, pa kusugua na pa kung'arisha. Kila kimoja cha vitenzi hivi kina mkono wake. Anayepangusa haweki nguvu, anayesugua huweka. Ukimwambia mtu “safisha” bila zaidi, ataamua nguvu kwa mazoea yake, na mazoea yetu yametoka jikoni. Sufuria la alumini husuguliwa kwa mchanga, kwa majivu, kwa nyuzi za chuma, mpaka limetemete, na sufuria linalometameta ni sifa ya nyumba. Mazoea hayo mema yakihamishiwa kwenye utando wa nanomita hamsini, kazi ya kiwandani inafutika kwa dakika tano.

Kisha kuna “piga polishi kila mwezi”. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili zinazopingana. Viatu hupigwa polishi, yaani huongezewa kitu juu. Shaba hung'arishwa kwa kupunguzwa: dawa yenye chembechembe ngumu huondoa uso wa juu mpaka metali safi ionekane. Kazi hii ya pili Kiswahili kina neno lake la zamani, kukatua, lililotumika kwa masinia na vyombo vya shaba, na nashangaa jinsi tulivyoliacha lizeeke kamusini. Kama mfasiri angelikumbuka, angeweza kuandika jambo ambalo karatasi yote inashindwa kulisema: mdomo wa titani usiotiwa rangi waweza kukatuliwa, uliotiwa rangi usikatuliwe kamwe, kwa kuwa kukatua kutauondoa utando, na utando hauwezi kurudishwa kwa kitambaa, ila kwa joto au umeme tena. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kufasiri maelekezo ya vyombo vya alumini nikaandika “kutu ya alumini” na “piga polishi” katika sentensi moja. Hakuna aliyelalamika, lakini sufuria husamehe mengi.

Lipo jambo moja ambalo si la mapambo tena. Karatasi inaonya dhidi ya “dawa kali”. Kali ni sifa pana: pilipili ni kali, jua ni kali, sabuni ya kufulia yaweza kuwa kali. Linalokusudiwa ni dawa za kusafishia magurudumu ambazo ndani yake mna asidi ya florini au chumvi zake. Titani hustahimili asidi nyingi, lakini hii huula utando na metali pia. Tena huingia ndani ya ngozi ya mtu na kudhuru mwili kwa kina, wakati mwingine bila maumivu makali hapo mwanzo. Hapa hapana ruhusa ya kusema “kali” na kupita. Ugumu ni kwamba msomaji analijua neno floraidi kutoka dawa ya meno, na watu wa Arusha wanalijua kutoka maji yao yanayotia meno rangi ya kahawia, kwa hiyo hatalihofia akiliona kwenye chupa. Mfasiri hana budi kutaja asidi kwa jina na kuongeza kwamba isiguswe kwa mikono mitupu. Kuongeza sentensi ambayo haikuwamo katika matini ya asili ni jambo tunalolikataza darasani. Mimi ningeliruhusu hapa.

Kuna pia suala la “-a ya titani”. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hili ni chuma kisichoshika kutu kilichotiwa rangi ya buluu kwa joto au kwa njia nyingine. Kiunganishi chetu hakitofautishi asili na mfano: “mdomo wa titani” waweza kuwa wa metali hiyo au wa sura yake tu. Sumaku haitoshi kuwa mwamuzi, kwani chuma kisichoshika kutu cha aina nyingi nacho hakivutwi sana na sumaku. Uzito mkononi ni shahidi bora. Kwenye boksi ningependa kuona “uliotengenezwa kwa titani” au “wenye rangi mfano wa titani”, ili mtumishi wa forodha na mnunuzi wasome kitu kimoja.

Nimejaribu kuiandika upya sehemu ya kazi, kwa ajili ya kulinganisha:

“Subiri ekzosi ipoe kabisa. Mwagia maji mdomo wa ekzosi ili mchanga na vumbi vitoke kabla hujaugusa. Osha kwa maji yenye sabuni laini na kitambaa cha pamba, usisugue. Masizi yaliyo ndani ya mdomo yatoe kwa brashi laini. Palipo na mafuta au lami, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa papo hapo, maana maji yakikaukia juu yake huacha madoa meupe. Kabla ya kuwasha injini futa alama zote za vidole: mafuta ya mkono yakichomwa na joto hubaki juu ya utando. Usitumie msasa, brashi ya waya, nyuzi za chuma wala dawa ya kukatulia. Usitumie dawa ya magurudumu yenye asidi.”

Maneno yote ya aya hiyo nilimsomea mpwa wangu, naye hakuniuliza maana ya hata moja isipokuwa kukatulia, ambalo bibi yake alimweleza kabla yangu.

Limenishinda moja. Kazi ile ya kukuza utando kwa umeme katika maji maalumu mafundi wengine huiita “anodaizi”, kwa kulitwaa neno la kigeni. Nimejaribu “kuotesha utando kwa umeme”, ambalo lina maana iliyo wazi lakini ni refu mno kwa lebo ya boksi. Wasomaji walio karibu na gereji au karakana zinazofanya kazi hiyo wanaombwa watuletee neno wanalolitumia, pamoja na jina la kipande chenyewe kama wanalo jingine zaidi ya mdomo.